Namna ya Kuandaa Mradi wa Vijana Bila Kuanza na Fulana

Mradi wa vijana mtaani huzaliwa hivi. Watu watano wenye moyo mzuri wanakaa sebuleni, mmoja anasema vijana wetu wanapotea, wote wanatikisa kichwa kwa huzuni, na kabla chai haijapoa kuna mtu ameshauliza fulana ziwe za rangi gani. Kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio. Linapatikana jina la Kiingereza lenye matumaini ndani yake. Inachorwa nembo: kiganja kilichobeba mche, au mikono miwili iliyoikumbatia ramani ya Afrika. Anatafutwa mgeni rasmi, anapangiwa tarehe, anaahirisha, anapangiwa nyingine. Siku ikifika kuna turubai, spika, risala, na vijana wa kijiweni waliopangwa kwenye viti vya plastiki wakiwa na fulana za saizi moja, aliye mnene imembana na aliye mwembamba imemmeza. Wanapiga makofi panapotakiwa. Jumatatu inayofuata wanakuja nusu. Jumatatu ya pili anakuja mlinzi.

Mwongozo huu ni wa kukuvusha mpaka Jumatatu ya pili na zile zinazoifuata. Yanayochekesha nitayacheka, lakini kila agizo lililomo humu nimelikusudia na naomba ulifuate. Vijana hawa wamekwisha kuzinduliwa mara nyingi mno.

Amua kwanza kijana wako ni nani. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamtaja kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanzia miaka 18 na kukoma kabla ya 35. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomtambua yule kijana wa kamati yenu mwenye mjukuu anayesoma chekechea. Mpe heshima yake, mwite mlezi, kisha mwondoe kwenye orodha. Na hata ndani ya umri halali kuna watu wasiofanana kabisa. Wa miaka 16, kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, bado ni mtoto: mshirikishe mzazi au mlezi wake, usimpe kazi ya hatari, usimuingize kwenye mkopo. Wa miaka 31 ana watoto wawili na kodi ya chumba, na ukimwita asubuhi kucheza michezo ya kuchangamsha mwili atakuangalia tu. Chagua mmoja. Mradi unaowataka wote kwa pamoja huishia kuwapata wale wasio na pa kwenda siku hiyo.

Halafu nenda kijiweni. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, mwamkie, mweleze nia yako, umwombe baraka na barua, kwa sababu bila yeye utaonekana umekuja kufanya siasa. Lakini kijiweni usiende naye. Akiwepo mwenyekiti vijana watasema wanamshukuru mwenyekiti, mkutano utakuwa umekwisha, na wewe utarudi nyumbani ukiamini umeshirikisha jamii. Nenda peke yako, saa nne asubuhi, wakati wa wanafunzi na watu wa ofisini umepita na bodaboda wamepumzika kivulini. Usibebe fomu. Ukibeba fomu, kila mmoja ataandika jina mara mbili, lake na la mdogo wake, na hapo watakuwa wamefanya la busara, maana wameshaona fomu nyingi na hawajui ipi itazaa.

Wala usiulize mnahitaji nini. Jibu la swali hilo ni mtaji. Ukiuliza Mbagala ni mtaji, ukiuliza Tandale ni mtaji, ukimuuliza mkurugenzi wa kampuni naye atakwambia mtaji. Uliza jana ilikuwaje. Uliza dogo, jana umeamka saa ngapi, umepata shilingi ngapi, zimekwenda wapi. Hapo ndipo mradi wako unapoanza kuonekana.

Chukua dereva wa bodaboda. Anaendesha pikipiki ya mtu, na kila siku anapeleka hesabu, mara nyingi kati ya shilingi 7,000 na 10,000, mvua inyeshe isinyeshe. Kama ana bahati yuko kwenye mkataba: atapeleka hesabu kwa mwaka mzima au zaidi, kisha pikipiki iwe yake. Mkataba wenyewe ni wa mdomo, au ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto. Akiumwa wiki moja, siku zinasogezwa mbele. Akikamatwa, faini ni yake. Amebakiza mwezi mmoja kumaliza, mwenye mali anakumbuka kosa fulani la zamani, anaichukua pikipiki na kumpa mwingine mkataba mpya. Kijana huyu wewe unamwalika ukumbini kwenye semina ya siku tatu kuhusu fikra za ujasiriamali. Fikra anazo. Yuko kwenye biashara tangu saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Anachokosa ni leseni ya udereva, mafunzo yanayotakiwa ili aipate, na mkataba ulioandikwa, wenye mashahidi na tarehe ya mwisho, uliosomwa kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Fedha za ukumbi na chakula cha mchana cha siku hizo tatu zinatosha kuwapatia leseni vijana kadhaa, na mwanasheria mmoja mwenye moyo anaweza kuandika mkataba wa mfano kwa alasiri moja. Hakuna mgeni rasmi anayekuja kukata utepe wa mkataba wa mfano. Uandike hivyohivyo.

Sasa tuje kwenye cherehani, maana najua unazo kichwani. Hakuna mradi wa vijana, hasa wa wasichana, usiofika kwenye cherehani. Zinapigwa picha vizuri, zinapangika kwa mstari, na mfadhili anazihesabu kwa kidole. Sina ugomvi na ushonaji. Ni kazi ya heshima iliyosomesha watoto wengi. Ugomvi wangu ni na mradi unaogawa mashine halafu ukaondoka.

Kaa siku moja kwenye fremu ya fundi wa sare za shule uone. Sketi ikishonwa kwa cherehani ya mguu, mshono unakuwa imara, lakini ukingo wa kitambaa ndani unabaki wazi na nyuzi zinachomoza. Ovaloki ndiyo inayoukata ukingo na kuufunga kwa wakati mmoja. Mama akija kuchukua sketi ya mwanawe hatazami mshono wa mbele. Anaishika kiunoni, anaigeuza nje ndani, anapitisha kidole kwenye ukingo. Akikuta nyuzi zinaning'inia anairudisha juu ya meza bila maneno mengi na mwaka ujao anakwenda kwa fundi wa pili. Kwa hiyo binti uliyempa cherehani bila ovaloki anabeba nguo zake kwenye mfuko hadi kwa fundi aliye nayo, anapanga foleni, analipa kwa kila nguo, na faida yake inabaki hukohuko. Ana cherehani ya mradi na bado ni kibarua wa mwenye ovaloki. Ukimaliza kuhesabu mashine, hesabu basi na yale yasiyopigwa picha: ovaloki moja kwa kikundi, meza ya kukatia, pasi, mkasi mzuri, umeme, na fremu ambayo mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita mbele. Kama bajeti haitoshi, punguza cherehani. Mabinti sita wenye kila kitu ni bora kuliko ishirini ambao mashine zao zitakuwa mtandaoni zinauzwa kabla ya Pasaka.

Tembea pia barabara nzima ya mtaa wako ukihesabu mafundi waliopo. Mkikuta kila nyumba ya tatu kuna fundi nguo na hakuna anayejua kutengeneza friji, jibu mnalo. Wapo vijana wanaotaka kujifunza kufunga madirisha ya aluminiamu, kupanga marumaru, kutengeneza simu, kuchomelea. Wengine wameshajifunza, wanaifanya kazi hiyo vizuri miaka yote, ila hawana karatasi, na zabuni ikitoka wanaambiwa waje na cheti. Kwa hao usianzishe chuo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anapimwa kwa kazi yake, anafundishwa pale palipopungua, anapata cheti. Kazi yako ni kulipa ada, kumsaidia kujaza fomu, na kumfidia siku alizokosa kibarua. Ni mradi mdogo usio na nembo, nao unabadilisha maisha ya mtu.

Na kabla hujampa binti yeyote chochote, muulize kama angependa kurudi shule. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurejea kwenye mfumo rasmi, na kwa aliyezidiwa na umri ipo njia ya Elimu ya Watu Wazima. Wasichana wengi wa mtaani hawajaambiwa hivyo na mtu yeyote waliyemwamini. Wanapewa cherehani kwa sababu sisi tumeshaamua kwamba shule imewapita. Jambo hili linaniuma. Binti wa miaka 17 mwenye mtoto wa miezi minane ana haki ya kutaka kuwa mhasibu.

Mambo ya ratiba yanaonekana madogo, nayo ndiyo yanayoua miradi. Ukipanga mkutano saa kumi jioni, umewaita wavulana. Wasichana saa hiyo wako bombani, jikoni, au wanachoma mihogo kando ya barabara. Ukiwataka wenye watoto, tandika mkeka na umlipe mama mmoja wa mtaani awaangalie watoto. Ukiwataka wenye ulemavu, ondoka kwenye ule ukumbi wa ghorofani. Na kama mradi wako ni wa vijana wanaotoka kwenye heroini, jifunze saa zao kwanza. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, ilianza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na kwa kawaida mgonjwa anatakiwa kufika kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Mradi unaoanza mafunzo saa mbili asubuhi upande wa pili wa jiji unamlazimisha kijana achague kati ya dawa inayomweka hai na karatasi yako ya mahudhurio. Akichagua dawa mnaandika kwenye ripoti kwamba hana nidhamu. Huo ni uonevu. Sogeza saa.

Nimesema karatasi ya mahudhurio, basi tuzungumzie posho. Kuna karatasi mbili kwenye vikao vyetu: ile wanayosaini wakubwa, yenye safu ya kiasi, na ile wanayosaini vijana, yenye safu ya maoni. Mtaalamu mwenye mshahara anaondoka na bahasha, na kijana aliyepoteza siku nzima ya vibarua anaondoka na soda na kalamu yenye nembo. Kisha tunauliza kwa nini vijana hawajitokezi. Weka kanuni moja tangu mwanzo na uiandike kwenye muhtasari wa kikao cha kwanza: ama wote wanalipwa, na kwa kiwango kimoja, ama wote tunajitolea. Wajumbe watakaojiondoa baada ya kanuni hiyo usiwafuate.

Kwa wanaotaka mfano, uko Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alianzisha pamoja na watoto wa pale Mathare Youth Sports Association. Watoto walikuwa tayari wanacheza, kwa mipira waliyoitengeneza wenyewe kwa mifuko ya plastiki na kamba, kwenye viwanja vilivyozungukwa na takataka zisizozolewa. Hakuwaletea hotuba. Walianzisha ligi yenye sharti: timu inayoingia uwanjani sharti pia isafishe mtaa, na usafi unahesabiwa kwa alama kwenye msimamo wa ligi. Unaweza kuwa na washambuliaji hodari na usiukaribie ubingwa kwa sababu hamkuzibua mitaro. Viongozi wa ligi walikuwa vijana wenyewe, waliochaguliwa kanda kwa kanda, na waliojitolea sana walitunukiwa kulipiwa ada, fedha zikaenda moja kwa moja shuleni kwao. Kutoka humo ikazaliwa mwaka 1994 klabu ya Mathare United, iliyochukua Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Usiige mpira. Watu wengi wameiona Mathare wakarudi kwao wakanunua jezi. Kinachofaa kuigwa ni kwamba mradi ulianzia kwenye kitu ambacho vijana walikuwa wanakifanya tayari bila kuombwa, ukawadai kitu chenye maana kwa majirani zao, na ukawaachia uamuzi. Hilo la kuwaachia uamuzi ndilo gumu kwetu. Tunapenda kijana awe mjumbe wa kamati, akae karibu na mlango, asome sala ya kufungua. Mpe saini ya benki. Watia saini wawe watatu, wawili kati yao vijana, na fedha isitoke bila saini ya mmoja wa vijana hao. Kama unaogopa wataiba, jiulize ni nani aliyekuwa mweka hazina wa mradi uliopita na alikuwa na umri gani.

Juu ya fedha za halmashauri, neno moja la tahadhari. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, halmashauri za Tanzania zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisitishwa mwaka 2023 baada ya kelele nyingi kuhusu vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ukarejeshwa mwaka uliofuata. Ni fedha halali na ni haki ya vijana wako, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii uzifuatilie. Lakini kikundi kisiundwe wiki moja kabla ya fomu. Tunawajua watu wa kikundi hicho: wawili ni marafiki, mmoja ni shemeji, wengine wameombwa namba za kitambulisho cha NIDA tu. Mkopo ukitoka, shemeji anahamia Morogoro na wanaobaki wanabeba deni. Waache kwanza vijana waweke akiba pamoja kwa miezi kadhaa, hata shilingi 1,000 kwa wiki kila mmoja, kwenye sanduku la kufuli. Mtu asiyeleta elfu moja yake hataleta rejesho. Na wasipokuwa na sanduku wala mkopo nafuu, jua ni nani anayewangoja barabarani: wakopeshaji wa kausha damu, wanaotoa fedha bila maswali na kuchukua friji ya mama yako wiki ya tatu.

Picha nazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uheshimu taarifa za mtu, na sura ya mtu ni taarifa. Hata isingekuwepo sheria, kijana ambaye umembandika kwenye bango barabarani chini ya maneno kuhusu kuacha dawa za kulevya atatafuta kazi katika jiji hilohilo, na atatafuta mchumba. Usimwite mnufaika mbele ya watu. Mwite fundi, dereva, mwanafunzi, au jina lake. Ukitaka picha, piga kazi: dirisha aliloling'oa likiwa limekunjamana na lile jipya alilofunga, pamoja na namba yake ya simu kama mwenyewe ameridhia. Picha hiyo italeta wateja.

Ripoti iandike kwa kweli. Walianza wangapi, wamebaki wangapi baada ya mwaka, waliotoka wametoka kwa nini. Aliyeacha mafunzo ya useremala kwa sababu amepata kazi bandarini ni habari njema, iandike hivyo. Aliyeacha kwa sababu nauli ilimshinda ni kosa la bajeti yako, na liandikwe hivyo pia, mwakani nauli iwemo.

Ratiba ya mwaka ifuate soko. Kama umekubaliana na mabinti wako juu ya sare, kumbuka shule zinafunguliwa Januari na wazazi wanashonesha Desemba. Mafunzo yaanze mapema, Mei au Juni, ovaloki iwe imefungwa na kujaribiwa kabla ya Novemba, vitambaa vinunuliwe kwa jumla Kariakoo kabla msimu haujapandisha bei. Oktoba nendeni kwa walimu wakuu wa shule za jirani, mabinti wenyewe wakiwa mbele na sketi ya mfano mkononi, ukingo wake ukiwa safi. Mzazi akitoa malipo ya awali apewe risiti, na juu ya risiti liandikwe jina la kikundi chao na namba zao za simu.